Mgongo wa mpagazi: vita ya 1914–1918 huku kwetu, na daftari letu la leo

Wafanyabiashara wetu wa Butembo wanaoshuka mpaka Dar es Salaam kutafuta mali wanalijua soko la Kariakoo kuliko wengi wetu tunavyolijua soko la Goma. Wanaijua mitaa yake, bei zake, na wezi wake. Jina lenyewe wachache wanajua lilitoka wapi. Kariakoo ni «Carrier Corps», kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Midomo ya watu ililichukua jina, ikaligeuza, ikalifanya la kwetu. Nairobi pia kuna mtaa wenye jina hilohilo, wao wanasema Kariokor. Kwa hiyo kila anayepakia bidhaa zake Kariakoo anataja, bila kujua, watu waliobeba vita kichwani.

Nimeandika juu ya jambo hili kwa sababu moja. Katika mikutano yetu ya wanamemba waliorudi vijijini, mazungumzo yakifika kwenye vita, vijana wanazungumzia drone na mabomu mazito. Wazee wanazungumzia Kalashnikov, na nani aliingia na bunduki gani mwaka gani. Sijasikia mtu akiuliza: ile sanduku ya risasi ilifikaje mlimani? Nani aliibeba? Kumbe swali hilo, ukiliuliza juu ya vita ya 1914–1918 katika eneo letu, linafungua historia nzima.

Vita ile ilianzia Ulaya, sisi hatukuwa na ugomvi wowote ndani yake. Hata Wabeleji wenyewe, mwanzoni, walitaka Kongo ibaki nje, juu ya mapatano ya Berlin ya 1885 ambayo yaliruhusu makoloni ya bonde la Kongo kutoingia vitani. Haikuwezekana. Tarehe 22 Agosti 1914 meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann, ilipiga bandari ya Lukuga kwenye Ziwa Tanganyika, fasi ambayo leo tunaiita Kalemie, ikaharibu meli ya Wabeleji, Alexandre Delcommune. Tarehe 24 Septemba Wajerumani wakashika kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Rwanda, Burundi na Tanganyika zote zilikuwa chini ya Ujerumani, kwa hiyo mpaka wa mashariki wa Kivu ukawa mstari wa vita, kutoka Ruzizi mpaka volkano za Rutshuru. Uganda ilikuwa ya Waingereza, marafiki wa Wabeleji. Njo maana upande wa Beni na Kasindi haukuwa na mapigano makubwa. Lakini Rutshuru ilikuwa kituo kikubwa cha kukusanya askari na chakula, na mutu wa Lubero anajua kwamba ukipita Kanyabayonga na kushuka, Rutshuru haiko mbali.

Tuseme kidogo juu ya silaha, kwa maana watu wanazipenda.

Jeshi la koloni, Force Publique, lilizaliwa kwa kazi ya kulinda ubwana wa Leopold, si kwa kupigana na jeshi lingine. Wengi wa askari wake walikuwa na bunduki ya Albini, ya milimita 11, ya risasi moja moja. Unapiga, unafungua, unatoa ganda, unaweka nyingine. Tena ilitumia baruti nyeusi, na baruti nyeusi inatoa moshi. Askari akipiga mara moja, wingu linapanda juu ya kichwa chake, adui anajua yuko wapi. Wajerumani nao, askari wao wengi walianza na bunduki za zamani za 1871 zenye moshi uleule, mpaka meli za kuvunja kizuizi zilipowaletea mpya. Kwa hiyo mtu asifikiri kwamba mzungu alileta huku silaha zake bora. Silaha bora zilibaki Ulaya. Huku zilikuja zile zilizochakaa.

Isipokuwa moja: mitrayezi ya Maxim. Hii inastahili kusimamiwa kidogo. Mtutu wake peke yake ni karibu kilo 27, bila miguu yake, bila maji ya kuupoza, bila risasi. Utepe mmoja wa risasi ni 250, na mashine inaweza kuumaliza chini ya dakika moja. Sasa fikirini mlima wa Lubero, mvua ya Aprili, hakuna barabara, hakuna lori. Mtutu uko juu ya mabega ya watu wawili, miguu juu ya mtu wa tatu, na nyuma yao mstari mrefu wa watu wenye masanduku ya risasi. Dakika tano za mapigano zinakula kazi ya wiki nzima ya watu hao wote. Wabeleji walikuwa pia na mizinga midogo ya mlimani ya Saint-Chamond, ya milimita 70, iliyofunguliwa vipande vipande kwa sababu hiyohiyo ya kubebwa.

Hata vita ya ziwani ilibebwa kwenye nchi kavu. Waingereza walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Cape Town kwa treni mpaka Fungurume, Katanga. Kutoka pale, mwaka 1915, boti hizo za karibu mita 12 zilivutwa juu ya milima ya Mitumba kwa mashine za moshi, kwa ng'ombe, na kwa mikono ya Wakongo waliokata miti na kutengeneza madaraja mbele yao. Kiisha zikapitia mto Lualaba na treni tena mpaka ziwani. Mwezi Desemba 1915 ziliteka meli moja ya Wajerumani, Kingani, na Februari 1916 zilisaidia kuizamisha Hedwig von Wissmann. Vitabu vya Waingereza vinapenda sana kisa hiki, vinamtaja sana mkuu wao, Spicer-Simson, na sketi aliyopenda kuvaa. Waliokata miti hawana majina. Wabeleji nao walileta ndege za kutua majini, katika masanduku, kupitia Matadi, na katikati ya 1916 ndege hizo zikatupa mabomu juu ya bandari ya Kigoma. Drone za leo zina babu.

Lakini vita ya nchi kavu njo iliyoamua mambo. Jenerali Charles Tombeur alipanga kushambulia kutoka pande mbili: brigedi ya kaskazini chini ya kolonel Molitor, kutoka upande wa Rutshuru na Uganda, na brigedi ya kusini chini ya kolonel Olsen, Mdenmarki, kutoka Ruzizi. Shambulio lilianza Aprili 1916. Kigali ilianguka tarehe 6 Mei, Usumbura mwanzo wa Juni, Kitega katikati ya Juni, Kigoma mwisho wa Julai. Kiisha brigedi zote mbili zikaelekea Tabora, mji mkubwa kwenye reli ya kati, ambapo jenerali Kurt Wahle wa Wajerumani alikuwa anangoja. Baada ya mapigano ya siku nyingi mwezi Septemba, huko Lulanguru na Itaga, Wahle aliondoka usiku na watu wake kuelekea kusini-mashariki. Tarehe 19 Septemba 1916 Force Publique ikaingia Tabora. Tombeur alipewa baadaye cheo cha baroni wa Tabora.

Kutoka Kigali mpaka Tabora, kwa mstari wa ndege, ni zaidi ya kilomita 450. Ni zaidi ya mara 8 ya safari yetu ya Butembo–Beni, na kwa miguu njia haifuati mstari wa ndege.

Hapa ninaomba tufanye hesabu, kwa sababu ndani ya hesabu hii vita nzima inaonekana. Mpagazi mmoja anabeba kilo 25 hivi. Anakula, tuseme, kilo moja ya chakula kikavu kwa siku, na si nyingi kwa mtu anayepanda mlima. Depo ikiwa nyuma kwa siku 10 za mwendo, mpagazi akibeba chakula tupu, anakula kilo 10 akienda. Anahitaji kilo 10 nyingine za kurudia. Ameondoka na 25, amefikisha 5. Depo ikiwa nyuma kwa siku 12, anafikisha kilo moja. Ikizidi hapo hafikishi kitu, anatembea tu kwa kujilisha.

Sasa kompanyi ya askari 150 inahitaji kilo 150 kila siku. Kwa kilo 5 kwa kila mpagazi, wanahitajika wapagazi 30 wafike kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku 20 kwenda na kurudi bila kupumzika, ili wafike 30 kila siku unahitaji watu 600 njiani wakati wote. Watu 600 juu ya chakula cha askari 150! Hatujaweka risasi, mahema, dawa, wala viti na divai ya maofisa wazungu.

Hesabu hii hakuna jenerali anayeweza kuilipa. Kwa hiyo anafanya mambo mawili. La kwanza, anakamata watu wengi zaidi. La pili, anaacha kubeba chakula na kuanza kukila kile cha vijiji anavyopita. Mkisoma maandishi ya kijeshi mtaona maneno mazuri ya jambo la pili, «kuishi juu ya nchi» na kadhalika. Wanamemba wetu hawahitaji maneno hayo. Wanajua shamba la mihogo linavyobaki baada ya watu wenye bunduki kupita siku tatu.

Kwa nini watu na si wanyama? Mbung'o. Kwenye mabonde ya joto inzi huyu aliua farasi, punda na ng'ombe wa mizigo kwa maelfu, pande zote za vita. Reli ilikuwapo kusini, Kabalo mpaka Lukuga, imemalizika 1915, lakini Kivu haikuwa na kitu. Hata chukudu haikuwapo bado. Ile imekuja baadaye sana, na hata ingalikuwapo, inataka njia ya kushukia. Kulikuwa na shingo, mgongo, na ile kamba ya paji la uso ambayo mama zetu wanaitumia mpaka leo wakitoka shambani.

Serikali ya koloni ilitumia, kwa miaka yote ya vita, karibu wapagazi 260,000. Askari waliopigana upande wa mashariki hawakufika hata 20,000. Waingereza wa Uganda pia walitoa zaidi ya wapagazi 7,000 kwa ajili ya brigedi ya Molitor, na zaidi ya 1,000 kati yao hawakurudi. Kwa upande wa Waingereza wenyewe, katika vita yote ya Afrika Mashariki, waliandikishwa wapagazi karibu milioni moja, na hesabu yao ya serikali inakubali kwamba zaidi ya 90,000 walikufa. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, na chakula ambacho hawakukizoea na ambacho hakikuiva. Mutu wa bonde alipelekwa kwenye baridi ya milima bila blanketi. Mutu wa milima alishushwa kwenye malaria.

Na mpagazi alipatikanaje? Si kwa bendera wala kwa hotuba. Msimamizi wa mzungu alimwambia chifu: watu hamsini, kesho. Chifu alijua kwamba asipotoa, yeye mwenyewe atafungwa. Akatoa watu wasio na mtetezi: yatima, mgeni, kijana aliyegombana na baba yake. Wengine walikamatwa njiani na sokoni, na ndiyo sababu watu walikimbia kulala porini wakisikia askari wanakuja. Kulala porini, wanamemba wangapi wa barabara ya Mbau–Kamango hawajawahi kufanya hivyo?

Upande wa Wajerumani, kolonel Paul von Lettow-Vorbeck aliielewa hesabu ya wapagazi kuliko wote. Alijua hawezi kushinda. Alichotaka ni kuwashikilia askari wengi wa adui Afrika ili wasiende Ulaya. Kwa hiyo aliligawa jeshi lake katika kompanyi zinazojitegemea, kila moja na mitrayezi yake na wapagazi wake, akapigana, akaondoka, akapigana tena fasi nyingine. Kila alipotoka alikula au kuchoma kilichobaki, ili anayemfuata akute tupu na abebe kila kitu kutoka nyuma. Alipofika mwisho alikuwa amezunguka kusini mpaka Msumbiji na kurudi, akasalimisha silaha karibu na Abercorn tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya vita kwisha Ulaya. Wajerumani walimpokea Berlin kama shujaa asiyeshindwa. Mimi nikisoma maisha yake ninaona mtu aliyegundua kwamba njaa ya raia ni silaha, tena ni ya bei rahisi kuliko zote. Wale wanaozunguka leo kati ya Ituri na Lubero bila makao, wanaokula kijiji kimoja na kuhamia kingine, hawakuhitaji kumsoma ili kufikia mahali palepale.

Njaa yenyewe ilikuja. Kaskazini-magharibi ya Rwanda, upande wa Gisenyi, mlango wa Goma kabisa, njaa ya 1916 mpaka 1918 ilipata jina lake, Rumanura, na wazee wa kule bado wanalitaja. Majeshi mawili yalikuwa yamekaa pale karibu miaka miwili yakitazamana, yakila. Kiisha, mwaka 1918, mafua makubwa ya dunia yakafuata njia zilezile za askari na wapagazi. Wale waliorudi nyumbani na mshahara kidogo walirudi na ugonjwa pia.

Mwaka 1917 Force Publique ilikwenda mbali zaidi, ikashika Mahenge tarehe 9 Oktoba. Na Ubeleji ilipata nini? Mwaka 1919, katika mazungumzo ya Orts na Milner, ilipata Rwanda na Burundi. Mwaka 1921 ikapata maeneo ya bandari Kigoma na Dar es Salaam, yaliyoitwa Belbase, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Mpagazi wa Kivu alipata kurudi, kama alirudi.

Kisa cha malipo kinaeleweka vizuri zaidi upande wa Kenya. Baada ya vita zilibaki pesa nyingi za mishahara ya wapagazi ambao walikufa au majina yao hayakuonekana sawasawa kwenye daftari. Afisa aliyesimamia wapagazi, Oscar Watkins, alidai kwa miaka mingi pesa hizo zirudi kwa watu wao. London ilikataa. Jina halionekani, basi mwenye jina hayuko, basi deni haliko. Wahasibu wa siku hizi tungesema faili imefungwa.

Vita ya Pili sitaisimamia sana. Wabeleji wa Ulaya walishindwa Mei 1940, lakini Kongo iliendelea upande wa Waingereza. Force Publique ilipitia Naili na kuingia Abisinia kupigana na Waitalia, ikashika Asosa na Gambela mwaka 1941, na tarehe 3 Julai huko Saio jenerali Gazzera pamoja na majenerali wengine, 9 kwa jumla, wakajisalimisha kwa jenerali Gilliaert. Askari wetu walifika Nigeria, Misri na Palestina, na hospitali moja ya Wakongo ilifika mpaka Burma. Safari hii malori yalikuwapo. Mzigo ukahamia kwa wale waliobaki vijijini: siku za kazi ya lazima ziliongezwa mwaka 1942 kutoka 60 mpaka 120 kwa mwaka, mpira ukatafutwa tena msituni kama wakati wa Leopold, na uranium ya Shinkolobwe ikapakiwa kwenda Marekani kutengenezea bomu la atomiki. Mwaka 1944 watu wa Masisi na Lubutu, wafuasi wa Kitawala, waliinuka juu ya mzigo huo. Walipigwa vibaya. Masisi ni Kivu yetu hii, lakini shule nyingi hazifundishi kisa hicho.

Sasa niwarudishe kwenye daftari letu.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Haki ya Kimataifa, huko La Haye, ilihukumu Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa matendo ya jeshi lake katika vita ya 1998 mpaka 2003, ile ambayo wengine wanaiita vita ya dunia ya Afrika. Beni na Butembo zilikuwa ndani ya eneo hilo, watu wazima mnakumbuka. Kongo iliomba zaidi ya bilioni 11. Ilidai raia 180,000 walikufa. Mahakama haikusema watu hawakufa. Ilisema ushahidi hautoshi kuhesabu hivyo, ikakadiria kati ya 10,000 na 15,000, ikatoa kiasi cha jumla kwa kila aina ya hasara. Ukiisoma hukumu hiyo polepole, utaona maneno mawili yanarudi tena na tena: hakuna maandishi. Majina hayakuandikwa wakati ule, au yaliandikwa bila tarehe, bila mahali.

Pesa hizo zina ofisi yake, FRIVAO, Kisangani. Na kwa sheria ya tarehe 26 Desemba 2022 nchi imeunda mfuko mwingine, FONAREV, kwa wahanga wa vita kwa jumla. Sina neno la kuahidi juu ya lini au kiasi gani. Ninasema tu kwamba kila ofisi ya namna hiyo itauliza karatasi.

Na karatasi zetu zinauliza nini? Nimejaza mamia ya fomu za wanamemba waliorudi, kwa shirika letu na kwa wanaotutegemeza. Zinauliza nyumba iliyochomwa, vyumba vingapi, mabati mangapi. Mbuzi, kuku, shamba la kakao lenye ukubwa gani. Zinauliza waliokufa. Hazina mstari hata mmoja wa mtu aliyekamatwa na kubebeshwa mizigo. Mutu aliyetekwa na ADF kule karibu na Eringeti, akabebeshwa mchele walioiba kwenye duka la jirani yake, akatembea msituni siku sita, akatoroka: kwenye fomu yetu mtu huyo hana hasara. Nyumba yake inasimama. Mbuzi wake wako. Tunamwandika «amerudi».

Ndugu mnaotutegemeza kutoka mbali, hili ni ombi kwenu pia, maana fomu nyingi mnazitunga ninyi. Ongezeni mstari huo. Hautawagharimu pesa.

Kwa upande wetu komite imekubali kuanza bila kungoja. Katika daftari la wanamemba kutakuwa na ukurasa wa waliobebeshwa, kwa vita hii na kwa zile za zamani, hata zile za miaka ya 1996 na 1998, na hata za babu kama familia inakumbuka. Tunauliza mambo machache: ulichukuliwa wapi na tarehe gani, au msimu gani kama tarehe imepotea. Ulibeba nini, na uzito wake kwa kukadiria, kwa mfano nusu ya gunia la mahindi. Mlitembea siku ngapi, kupitia wapi. Mlikuwa wangapi kwenye mstari. Nani hakurudi. Anayeona vigumu kusema mbele ya watu ataandikiwa peke yake, na jina lake halitasomwa mkutanoni.

Baba na mama wazee, tafadhali msiseme «hilo ni jambo dogo». Wengi wanasema hivyo, hasa wanaume, juu ya haya ya kuwa walibebeshwa kama punda mbele ya watoto wao.

Tumejaribu ukurasa huo kwa mara ya kwanza mwezi uliopita, na memba mmoja kijana wa upande wa Oicha. Alikumbuka yote kwa utaratibu kama mtu anayesoma. Betri mbili za sola na sufuria tatu. Siku nne mpaka mto, kiisha siku moja ya kungoja. Walikuwa 11 kwenye mstari, wamefungwa kamba kiunoni. Waliorudi anawajua ni 7. Kwa wale wanne alituomba kalamu aandike mwenyewe. Majina matatu aliyaandika kamili. La nne aliandika moja tu, lile la nyumbani, akasema atamuuliza mama yake lile lingine.